Nilimwambia Baba Mkwe Atulie, Akatulia na Matoazi Juu

Mshauri wetu, salamu nyingi na pole kwa kazi ya kubeba mizigo ya watu usiowajua. Leo nakuongezea na wangu, ila usiogope, nusu yake nimeshaitua jana na ndiyo maana unaona mwandiko umenyooka, wiki iliyopita ungesema kuku amepita. Nusu iliyobaki ndiyo naomba unisaidie, na naomba upesi, maana mwisho wake ni Jumamosi hii saa kumi alasiri.

Mimi ni mpigapicha. Si wa kubahatisha, mpigapicha hasa. Shule na mimi tuliachana mapema, kwa amani, kila mtu akashika njia yake, lakini kamera nimeishika miaka ishirini na miwili na kupitia kile kitundu nimeiona dunia kuliko wengi wenye vyeti ukutani. Nimempiga bondia meno yake yakiwa bado hewani, nimempiga waziri katikati ya chafya na akaniomba nakala, nimezunguka na kundi la sarakasi nchi nne nikilala juu ya masanduku ya nguo, na maharusi sitaki hata kuhesabu, maana wengine walishaachana zamani na picha zangu bado nzuri.

Sasa siri ya kazi yangu ni moja, nakwambia wewe tu na wasomaji wako. Nikimweka mtu mbele ya kamera nasema, “Tulia,” na hapo hakuna kupepesa wala kumeza mate mpaka niseme, “Asante.” Ndiyo sheria. Ukoo mzima wa mke wangu wameizoea, hata watoto wanaotambaa. Lakini kati ya wote hao hakuna aliyemfikia baba mkwe wangu, kwa sababu mzee yule ujanani alikuwa kwenye bendi ya jeshi, amri ikimwingia sikioni haitoki mpaka itolewe. Kuna siku nilimwambia atulie, simu yangu ikalia, nikatoka nje kuongea, nikanogewa, niliporudi watu wote walishakaa mezani wanakula na mzee amesimama vilevile, mkono kiunoni, kidevu juu. Tulicheka siku ile. Sikujua kwamba kile kicheko kitanigeukia.

Huyu baba mkwe wangu anapiga matoazi kwenye okestra ya ule ukumbi mkubwa wa mjini kwetu. Matoazi ni yale masahani mawili ya shaba yanayogonganishwa, na ukisikia hivyo utasema hiyo nayo ni kazi, nami nilisema hivyohivyo mpaka nilipoiona. Kuna muziki mmoja ambao mzee anakaa kimya karibu saa nzima, wenzake fidla zinawaka moto na matarumbeta yanapasua paa, yeye amekaa, anahesabu. Muziki wao umekatwa vipande vidogo vinaitwa vipimo, naye ana vipimo mia tatu na kumi na viwili vya kunyamaza, anavihesabu kimojakimoja kwa vidole juu ya paja la suruali, halafu anasimama, anainua matoazi, anagonga mara moja, anakaa, muziki unakwisha, anarudi nyumbani. Mara moja tu, mshauri. Akiwahi au akichelewa kidogo ni kama mtu aliyecheka msibani. Na kwa miaka thelathini na mmoja hajawahi kuwahi wala kuchelewa, na hata nyumbani ukimkuta anakunywa chai utaona vidole vinagonga meza, anahesabu, hata yeye mwenyewe hajui.

Ndiye aliyeniombea kazi pale, maana mpigapicha wao wa zamani alistaafu. Yule bwana mwembamba anayesimama mbele na kifimbo, wenyewe wanamwita Maestro, akanipa sheria tatu. Nguo nyeusi na viatu visivyolia. Kamera ilie pale tu muziki unapokuwa mkubwa, ili mlio wake ufunikwe. Na ya tatu, akanitazama machoni akasema, “Mdomo uache nyumbani.” Nikasema sawa, mbona rahisi.

Na kazi nilijifunza, sijisifu, ingawa nikijisifu pia si dhambi. Ndani ya wiki mbili za mazoezi nilikuwa nimeshajua kwamba mpuliza tarumbeta unampiga kabla hajapuliza, akishapuliza mashavu yanakuwa maputo. Mwimbaji unampiga anapomaliza neno, ukimpiga katikati utadhani yuko kwa daktari wa meno. Wapiga fidla unasubiri mpaka mikono yote ishuke pamoja, kama watu wanaokata kitambaa kimoja. Na Maestro mwenyewe watazamaji wanamwona mgongo tu, ukitaka uso wake lazima ukae nyuma kabisa ya okestra, karibu na ngoma kubwa. Yaani hatua mbili nyuma ya baba mkwe wangu.

Basi ikafika Jumapili ya onyesho, alasiri, ukumbi umejaa. Mpango wangu ulikuwa safi: ninyamaze mpaka toazi lilie, na lile toazi likilia ndipo nami nibonyeze, hapo hata ningepiga bunduki hakuna ambaye angesikia. Mzee akahesabu. Akasimama. Akainua matoazi taratibu, taa ya juu ikaingia kwenye ile shaba ikatoka ikamwangukia usoni, akageuza shingo kidogo tu upande wangu akatabasamu, kama anayesema, umeona kazi ya baba mkwe wako. Mshauri, miaka ishirini na miwili sijapata kuona picha kama ile. Na mdomo, ambao ulitakiwa uwe nyumbani, ukamnong'oneza, “Baba, tulia hapohapo.”

Akatulia.

Maestro, macho kwenye makaratasi yake, akamnyooshea mkono, kifimbo kikashuka, okestra nzima ikafika mahali pa kufika, na pale palipotakiwa kupasuka radi hapakupasuka kitu, kikasikika kitu kimoja tu, kacha, kamera yangu. Bibi mmoja wa mstari wa mbele aliinama kuangalia kama kiti chake kimevunjika. Nami nikaganda. Muziki ukapita, ukatuacha pale, mzee matoazi juu, mimi kamera usoni, halafu baada ya muda akayashusha polepole akayalaza juu ya kitambaa kama mtu anayelaza mtoto.

Nyuma ya jukwaa Maestro akamuuliza, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma, “Mzee, imekuwaje?”

“Nimepoteza hesabu,” baba mkwe akasema.

“Hujawahi kupoteza hesabu.”

“Leo nimepoteza.”

Mimi nilikuwa mlangoni na begi langu. Kwa ule mlio wa kamera nilionywa kidogo, nikaitikia ndiyo mkubwa, yakaisha. Mdomo uliokimbia wakati wa kunyamaza ukanyamaza wakati wa kukimbia. Nikaenda nyumbani.

Wiki tatu, mshauri. Wiki tatu sahani yangu inarudi jikoni imejaa. Maestro akaamua kwamba umri umeingia, na kwa kuwa muziki uleule unarudiwa Jumamosi hii, matoazi atapewa dada anayepiga pembetatu, kile kichuma cha pembe tatu kinachogongwa kikalia kama kengele, mzee apumzike, akipenda aje kukaa na watazamaji, kiti kizuri atapewa. Mzee akasema sawa. Lakini mama mkwe akamwambia mke wangu, “Baba yenu hagongi tena meza.” Mke wangu akaniambia mimi, tukiwa tunakula, bila kujua anamwambia nani. Nikaweka kijiko chini.

Jana nikaenda. Nilimkuta sebuleni anamenya chungwa, mama mkwe yuko pembeni anakunja nguo. Nikasema, “Baba, nina neno.”

“Sema, mwanangu.”

“Siku ile hukupoteza hesabu. Ni mimi niliyekwambia utulie.”

Akaendelea kumenya, ganda refu halikatiki. “Najua.”

“Unajua?”

“Sasa wewe ulidhani nasubiri nini pale juu? Nilikuwa nasubiri useme asante. Hukusema.”

Mama mkwe akaacha kukunja. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa shati ambalo lilikuwa limeshapigwa pasi. “Huyu mwanaume,” akasema, “siku ya kufa tutamzika amesimama.”

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Maestro. Akasema nilikuwa na wiki mbili tu pale, ningefukuzwa kabla sijakunja waya wa taa. “Na ukishinda nyumbani mchana kutwa na midomo yako hiyo,” akasema, “binti yangu atarudi hapa, na chumba chake nimeshaweka baiskeli.” Akanipa nusu ya chungwa. Mshauri, nililia na chungwa mdomoni, mtu mzima, na leo nimeamka mwepesi, nimekula, nimepiga mluzi, mke wangu akaniuliza kama ninaumwa.

Ila sasa sikiliza. Nilipoinuka kuondoka akaniambia, “Limekwisha. Maestro usimwambie. Nimesema.” Na mke wangu naye anasema baba akisema amesema, wewe nani wa kumvunjia neno. Lakini Jumamosi ikifika mzee atakaa kwenye kile kiti kizuri, avihesabu vipimo mia tatu na kumi na viwili vyote, halafu matoazi ayagonge mtu mwingine. Tena ameniagiza nimpige vizuri yule dada wa pembetatu, nisimtishe.

Je, nimtii mzee, au nimvunjie neno? Nimeweka na ile picha ndani ya bahasha uione. Ni nzuri, hilo hata adui yangu hawezi kubisha.

Mimi,
Mwenye Mdomo, Nyuma ya Ngoma Kubwa

MSHAURI ANAJIBU

Wewe Mwenye Mdomo, kwanza kunywa maji. Barua yako nimeisoma kwa pumzi moja kwa sababu hukunipa mahali pa kuvutia nyingine.

Umepewa sheria tatu na mtu mwenye kifimbo, ya tatu ilikuwa nyepesi kuliko zote, ndiyo iliyokushinda. Hilo ningekusamehe, uliona kitu kizuri ukasahau uko wapi, na wengine tumewahi kufanya makubwa kuliko hayo kwa kitu kisichopendeza hata nusu. Kosa lako si “tulia.” Kosa lako ni pale mlangoni uliposimama na begi lako huku mzee wa watu anajisingizia. Na usinisimulie chungwa kama vile ulifanya ushujaa. Umekiri baada ya wiki tatu kwa mtu ambaye alikuwa anajua tangu dakika ya kwanza. Una bahati, bwana. Kuna wakwe ambao ungekiri kwao ukaondoka na ganda tu.

Haya, nimeshakugombeza. Sasa tuje kwenye picha.

Mara ya kwanza niliitazama kama unavyotaka itazamwe, nikasema kweli, ni nzuri. Mara ya pili niliitazama kama mama anayetafuta nani kavunja kikombe. Hebu na wewe itazame hivyo. Mikono ya mzee iko wapi? Juu. Na mbele yake kule mbali, kwenye kona ambayo wewe hukuijali kwa sababu ulikuwa unashangaa shaba, yuko nani? Maestro, mkono umenyooka, anamwelekezea yeye. Mtu aliyepoteza hesabu angekutwa ameketi, au anababaika, au matoazi yako mapajani. Huyu alivihesabu vyote mia tatu na kumi na viwili, akafika mlangoni saa ileile aliyotakiwa kufika, na wewe ndiye uliyemshika shati. Picha yako inasema hivyo kwa sauti kubwa kuliko barua yako. Umekaa na ushahidi wa kumsafisha baba wa mkeo wiki tatu ndani ya begi, unauita picha nzuri.

Kuhusu kumtii. Mzee ana haki ya kusamehe kosa ulilomfanyia, na amekusamehe, pumua. Hana haki ya kulichukua liwe lake mbele ya watu, hata kama anataka, hata kama ni baba. Lile ni lako. Utii wa kujificha chini ya shuka la mkwe wako, mimi siuiti utii. Lakini usimzunguke, usiende kwa Maestro kimyakimya halafu asikie kwa watu. Nenda kwake kwanza, mwambie ana kwa ana, “Baba, katika hili moja sitakutii, nisamehe,” kisha uende.

Basi, wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba mimi huandika, sipigi simu. Safari hii gazeti linatoka Ijumaa na onyesho ni Jumamosi, nikaona nikingoja mtambo wa kuchapia nitakuwa kama yeye pale mlangoni. Jumanne nilimpigia kwa namba aliyoandika nyuma ya bahasha, nikamsomea haya yote. Jumatano akanipigia yeye, anaongea kama kifaranga kilichotoka mvuani, na ameniruhusu niwasimulie.

Alienda kwa mzee. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Basi vaa vile viatu visivyolia.” Hiyo ndiyo ruhusa aliyopata.

Akaenda ukumbini asubuhi kabla ya mazoezi. Maestro aliiweka nakala ya ile picha juu ya kile kimeza chake cha makaratasi ya muziki, akavaa miwani, akavua, akavaa tena.

“Huu ni mkono wangu,” akasema.

“Ndiyo, mkubwa.”

“Namwonyesha aingie. Na yuko tayari.” Akasogeza uso karibu. “Sasa anaangalia wapi?”

“Kwangu, mkubwa. Nilimwambia atulie. Yeye akiambiwa atulie hatikisiki.”

Anasema Maestro alivua tena miwani, akaikunja. Halafu akamwambia, “Kwenye okestra hii mwenye kumwambia mtu atulie ni mmoja. Ni wewe?”

“Hapana, mkubwa.”

“Jumamosi mzee atapiga matoazi yake. Wewe utakaa juu kabisa, kwenye chumba cha fundi wa taa, nyuma ya kioo. Huko ongea mpaka uchoke.” Hakumfukuza. Picha akaomba abaki nayo. Na yule dada wa pembetatu alipoambiwa, akashika kifua akasema, “Afadhali, jamani. Wiki nzima nimekuwa nikilala na namba. Juzi nilimwagilia maua nikafika mia mbili na tisa, mume wangu akaniuliza nini, nikaanza upya.” Halafu akaenda yeye mwenyewe kumletea mzee kitambaa cha kusugulia shaba.

Mama mkwe naye ametuma neno: leo asubuhi chai ilimwagika. Meza iligongwa.

Kwa hiyo, Mwenye Mdomo, sote tumepumua, na mimi nakiri nilikunywa chai yangu kwa raha. Ulikuwa unacheka kwenye simu, unanieleza picha utakazopiga kutoka kule juu, kwamba hakuna mpigapicha duniani aliyewahi kuiona okestra kwa pembe ile, nikakuacha ujisifu. Halafu nikakuuliza swali moja dogo. Tangu siku ile mpaka leo, je, umeshamwambia mzee asante? Ukasema, “Bado,” na kicheko kikaisha.

Basi ushauri wangu wa mwisho ndio huu, na usiuahirishe. Ichape tena ile picha, kubwa, uitie fremu, umpelekee nyumbani kabla ya Jumamosi, si ukumbini mbele ya watu. Kamera iache ndani ya begi. Simama mbele yake ulitamke lile neno, kwa sauti ya kusikika. Mzee alilisubiri kwa vipimo kadhaa matoazi yakiwa hewani, kisha akalisubiri wiki tatu nyingine akiwa amebeba kosa lako, na hakulalamika hata mara moja, kwa sababu kwake amri ni amri mpaka itolewe.

Itoe, mwanangu. Mwache ashushe mikono.